Kaburi la Mgomba

Baba yangu alizikwa kabla mimi sijazaliwa. Sisemi kwa mafumbo. Yeyote aliyekulia kwetu Marachi, upande wa kwenda Busia, atanielewa mara moja. Wakati wa vita vya Burma chifu aliletewa habari kwamba kijana wa boma letu ameuawa huko ng'ambo. Maiti haikuja, wala hakuna aliyeitarajia. Kwetu mtu akifia mbali na mwili wake ukakosekana, haachwi hivi hivi. Hukatwa mgomba wa kimo chake, ukavikwa nguo, ukaliliwa, ukazikwa pale ambapo yeye mwenyewe angezikwa. Nyanya yangu, tuliyemwita kukhu, aliulilia mgomba ule hadi sauti ikamkauka. Watu wakanyoa nywele. Shamba la marehemu akapewa mdogo wake alilime, na mke wa marehemu, yaani mama yangu, akaambiwa ajiandae kurithiwa na huyo huyo mdogo.

Mama alikuwa bibi arusi wa juzi tu, hajapata hata mtoto. Aliwaambia wazee kwamba hajaona bado mgomba uliomfanya mwanamke kuwa mjane, akafunga nguo zake, akarudi kwa wazazi wake akangoja. Ukali wangu ambao watu huulalamikia sikuuokota njiani.

Vita vikaisha, na marehemu akarudi. Alitokea barabarani akichechemea, begi la jeshi begani, akaliendea lango la boma kama mtu yeyote anayeenda kwao. Kukhu alimwona kutoka jikoni. Badala ya kumkimbilia amkumbatie, alipiga mayowe asisogee, asikanyage pale langoni hata kidogo. Aliyekwisha kuzikwa haruhusiwi kupita langoni, maana akipita anaingia na kifo chake. Wakakata ua wa manyara upande wa nyuma, wakachinja kondoo, wakampaka baba majani yaliyokuwa tumboni mwa kondoo yule, ndipo akaingia kwao kwa kuinama kama mwizi wa kuku.

Lilibaki jambo moja. Ilitakiwa kaburi lifunguliwe, mgomba utolewe ukatupwe mbali, udongo usawazishwe. Hapo ndipo angekuwa hai kamili na kuruhusiwa lango. Na kwa desturi jembe la kwanza lazima alipige yeye mwenyewe. Baba akakataa. Wazee walipomuuliza sababu, alisema kaburi likishafunguliwa hudai mtu, nao wakaogopa wakanyamaza. Kukhu, ambaye ndiye angepaswa kumshurutisha kuliko wote, alimtetea.

Kwa hiyo mimi na ndugu zangu tulikua tukimwona baba akiingia nyumbani kwa nyuma, kwenye pengo la manyara, na tuliona ni jambo la kawaida kabisa. Kaburi lilikuwa kando ya jiko, kichuguu cha udongo chenye nyasi fupi. Tulianika mahindi karibu nalo, lakini tulikatazwa kulipanda. Baba alilipalilia mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa Malaba, mlinzi wa bohari la mizigo kwenye stesheni ya reli, na kila Jumamosi alipiga baiskeli kutoka kule hadi kwetu. Tulimsikia kabla ya kumwona, maana kile chuma cha nyuma cha kubebea mizigo kilikuwa kimelegea na kiligongagonga njia nzima. Mama alikuwa akimwuliza kutoka jikoni, bila kuinua kichwa, "Umerudi?" Naye hakujibu kama wanaume wengine. Alijibu, "Bado niko njiani." Sisi watoto tulicheka kila mara kana kwamba hatujawahi kulisikia jibu hilo.

Niseme alivyokuwa, kwa sababu wanaume wa siku zile hawakuwa hivyo, na majirani walimsema sana. Mama akijifungua, baba aliomba ruhusa kazini akaja kupika. Alipika uji usio na donge hata moja. Alishona vifungo vyetu kwa uzi mnene wa gunia, vikashika kuliko nguo yenyewe. Jumapili kabla ya misa alitupanga mstari akakagua masikio, shingo na kucha, na mwenye uchafu alirudishwa kwenye karai bila kugombezwa. Mdogo wangu wa mwisho alipopata surua, baba alimfunga mgongoni kwa shuka, kama mama, akampeleka kwenye zahanati ya masista kwa baiskeli katika mvua. Baba mdogo, yule aliyekuwa arithi kila kitu, alizoea kusema kwa ile sauti yake laini kwamba vita vilimrudisha kaka yake akiwa mwanamke. Nilimchukia kwa hilo tangu nikiwa mdogo na sikuficha.

Habari za vita hatukuzipata. Tukimsumbua sana alisimulia juu ya nyama ya kopo na nyumbu waliozama topeni. Mvua kubwa ikipiga bati alitoka nje akakaa chini ya upenu mpaka ipite.

Dosari moja tu ilisemwa juu yake, na ilitutesa. Mimi na mama tulikuwa tukiuza ndizi mbivu Busia siku za soko, pale malori yanapongoja kuvuka kwenda Uganda. Taniboi mmoja, msaidizi wa dereva wa lori, kijana wa mdomo mrefu, alinunua ndizi akala, kisha akamwambia mama, "Mama, mzee wako wa stesheni namjua. Kila Jumamosi tunampita Chakol, baiskeli yake imesimamishwa kwa boma ya mwanamke fulani wa Kiteso. Kwani huko ni kwenu pia?"

Mama alimrudishia chenji yake na kumtakia safari njema. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Tangu siku ile aliangalia pakiti za sukari. Baba alikuwa akituambia amenunua sukari Malaba, na pakiti iliyofika nyumbani ilikuwa imefunguliwa na kupunguzwa kisha ikafungwa upya kwa ustadi wa kijeshi. Mama hakuuliza. Alikoroga chai akampa, lakini mgongo wake ulikuwa umekuwa mgumu, na mimi nilijua. Nilijaribu kumchukia baba pia, nikashindwa.

Ndivyo tulivyokuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, ardhi ilipoanza kupimwa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na niko nyumbani. Wapimaji walipanda na mnyororo wao wa kupimia kutoka bondeni, kilima hadi kilima, pamoja na wazee wa kamati ya ardhi. Palipopita mnyororo, mpaka ulipandwa mkonge, na kilichoamuliwa siku hiyo kilikuwa kimeamuliwa. Ndugu waliokuwa wakila sahani moja walianza kuchunguliana. Husemwa ndugu wakigombana shika jembe ukalime, lakini siku zile kushika jembe ndiko kulikokuwa kunaleta ugomvi.

Kukhu alikuwa ameshakufa. Baba mdogo alingoja arubaini yake ipite, kisha akasimama mbele ya kamati, kofia mkononi, akasema maneno yake kwa upole. Hakuwa na ubaya na kaka yake, alisema. Ila wazee wenyewe ni mashahidi kwamba marehemu alizikwa, shamba likagawiwa, na kaburi liko palepale hadi leo. Kama mtu ni hai, mbona hapiti langoni kwake? Na kama kaburi si lake, mbona analipalilia? Kwa desturi sehemu ya kaka yake ilikuwa mali yake yeye. Angemwachia ile nyumba na kaburi, na watoto wangekaa kwa hisani yake.

Kwa hisani yake! Mihogo yetu, kisima chetu, mahali pa kuzikwa mama yangu, vyote kwa hisani ya mtu ambaye hakuwahi kutupa hata kiazi.

Kamati haikuwa ya watu wabaya. Mwenyekiti wake alikuwa mzee wa kanisa, mpole, mwenye kikohozi. Aliamua kwamba mnyororo ukifika kwenye mpaka wetu, baba awe amefungua kaburi kwa jembe lake mwenyewe mbele ya watu. Akifanya hivyo ni hai na sehemu yake ni yake. Asipofanya, ule mgawo wa zamani unasimama. Mnyororo ulikuwa umebakiza maboma machache tu kutufikia.

Tuliona jambo limekwisha. Kupiga jembe mara moja, nani atashindwa? Mama alituma neno Malaba, baba akaja katikati ya juma. Alisikiliza yote akiwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini. Kisha akasema, "Siwezi."

Mama alikuwa akichambua mboga. Aliiweka chini. "Huwezi nini, baba watoto?"

"Kulifungua."

"Kuna nini mle ndani? Si mgomba?"

Baba aliangalia kule kando ya jiko. Mama aliinuka, na yale yote aliyoyameza toka siku ya taniboi yakatoka. Alimwambia kwamba alimngojea wakati wote walipomwita mjane, alikataa kurithiwa, akachekwa kwao. Na leo yeye anataka kuwatupa watoto nje kwa ajili ya kichuguu. "Au una mahali pengine pa kwenda? Chakol kuna shamba kubwa?"

Baba alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto. "Chakol," alisema taratibu, "si hivyo unavyofikiri."

"Basi niambie ni vipi."

"Nikikuambia utalazimika kunifichia siri, nawe hujui kuficha. Nipe siku chache." Alitoka akaenda kukaa karibu na kaburi, na nikaona midomo yake ikitikisika, akiongea na udongo. Niliona baba yangu anarukwa na akili. Nilimpenda na nilitaka kumpiga, yote mawili kwa wakati mmoja.

Siku zilizofuata hatukula vizuri. Kutoka boma letu tuliweza kuwaona wapimaji wakishuka mteremko wa jirani, vijiti vyao vyenye bendera nyekundu vikisogea. Mama hakumsemesha baba wala baba hakumsemesha mama. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa akiniuliza kama tutahama, na nikimwambia hapana alirudi kuuliza tena.

Siku ya siku ilipofika, tuliamka tukakuta baba hayupo na baiskeli haipo. Alama za magurudumu zilitoka kwenye pengo la manyara zikaelekea barabara ya Malaba, na Chakol iko njiani. Mama alizitazama zile alama, akachukua jembe la baba akaliegemeza kwenye ukuta wa jiko mahali pa kuonekana. Alikuwa hajalia bado na hakutaka nimsaidie.

Wakaja. Walikuja wazee wa kamati, naibu wa chifu na kofia yake ya kazi, wapimaji na mnyororo, na nyuma yao kijiji kizima, maana aibu ya mtu haikosi watazamaji. Alikuja pia kikongwe mmoja aliyepewa kazi ya kuchimba baada ya jembe la kwanza, kwa kuwa kaburi hufunguliwa na mtu aliyekwisha kumaliza kuzaa. Alikaa kwenye nyasi akaomba maji.

"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza mwenyekiti.

"Anakuja," mama alisema.

"Anatoka wapi?"

Mama aliangalia barabarani. Baba mdogo akajibu kwa niaba yake, kwa sauti ya huruma: "Mwacheni shemeji. Kaka yangu amekimbilia kule Chakol kwa bibi yake. Mimi nilijua." Watu wakaguna. Mwenyekiti alikohoa, akasema watangoja mpaka mnyororo umalize upande wa chini na kufika kwenye mihogo.

Mnyororo ukaanza kusogea. Mlio wake wa chuma juu ya majani makavu bado naukumbuka. Baba mdogo hakungoja. Alikuwa amekuja na miche ya mkonge kwenye gunia, akaanza kuipanda katikati ya mihogo yetu, akipima kwa hatua zake. Alipopanda mmoja, nilikwenda nikaung'oa. Akapanda mwingine, nikaung'oa na huo nikautupa miguuni pake. Naibu wa chifu akaniita kwa ukali, "Wewe msichana, toka hapo! Hii ni kazi ya serikali."

"Serikali bado haijafika hapa," nikamjibu. "Iko kule chini na mnyororo."

Watu walicheka. Baba mdogo hakucheka. Aliinua mkono juu yangu, na mama alikuwa tayari ameshasimama kati yetu, hata sikumwona akitembea. Wakati huo wapimaji walikuwa kwenye mstari wa mwisho wa mihogo.

Hapo tukasikia kile chuma kikigongagonga barabarani.

Baba alikuwa anaisukuma baiskeli, haiendeshi. Alikuwa ameloa jasho. Juu ya chuma cha nyuma, kwenye shuka la jeshi lililokunjwa, alikaa ajuza mwembamba wa Kiteso, miguu mitupu ikining'inia, mkono mmoja umeshika shati la baba. Huyo ndiye mwanamke wa Chakol. Ajuza yule alikuwa na umri wa kumzaa baba.

Walizunguka wakaingia kwa pengo la nyuma. Baba alimshusha kwa uangalifu, akamkalisha kwenye kigoda karibu na kaburi. Kisha akawageukia wazee. Baba hakuwa msemaji, na siku ile alisema kama mtu anayebeba mzigo mzito mlangoni, kidogo kidogo na kwa kupumzika.

Alisema kule Burma alikuwa na rafiki, kijana wa Chakol, wakilala kwenye hema moja. Wakati wa mvua rafiki yule alishikwa na homa akawa anatetemeka, na zamu yake ya kulinda ilikuwa imefika. Baba akamvisha koti lake. Mfukoni mwa koti kulikuwa na kibati chake cha namba ya jeshi, maana kamba yake ya shingoni ilikuwa imekatika. Kombora likaanguka. Rafiki akafa hapo hapo, na baba akaokotwa hajitambui, hana kibati, akapelekwa hospitali Bara Hindi, ambako alikaa muda mrefu akiwa mtu asiye na jina. Waliomkuta mwenye koti walisoma namba wakaandika kwamba aliyekufa ni baba.

"Kwa hiyo ule mgomba mlioulilia," baba alisema, "mlimlilia mtu aliyekufa kweli. Ila hakuwa mimi. Nilipofika hapa nikakuta mwenzangu ameshalazwa, ameliliwa na mama yangu, na huko kwao hakuna aliyejua hata kama amekufa. Ningemtoaje? Amekufa ndani ya koti langu. Nilimwambia mama yangu, akasema tumwache apumzike. Nikaenda Chakol, nikamleta huyu usiku, na kikombe cha mtoto wake tukakizika hapo. Nilinyamaza kwa sababu nilijua hamtakubali mgeni alale ndani ya boma. Na nilikuwa na haya. Bado nina haya, kila nikiwaona hawa watoto."

Alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na nikatamani ardhi ile ichukuliwe yote, bora asilie mbele ya mdogo wake.

Lakini haikuwa imekwisha. Miaka ile maneno kati yetu na Wateso juu ya nani akae wapi yalikuwa hayajapoa, na kwetu kaburi ndilo shahidi wa shamba. Baba mdogo aliliona hilo haraka kuliko wote. "Mnasikia?" alisema, na sasa sauti haikuwa laini. "Ameleta kaburi ya watu wengine ndani ya shamba ya babu yetu! Kesho watakuja kusema hapa ni kwao!" Minong'ono ikapanda. Mwenyekiti alimgeukia ajuza, akamwuliza kwa Kiswahili, kwa heshima, "Mama, umesikia. Kama mtoto wako iko hapa, watu wako watasema nini?"

"Watu wangu?" ajuza akasema. "Watu wangu ni nani? Mimi nilizaa mtoto moja. Huyu mnasema alikufa, ndiye analeta mimi sukari, analima kwangu, anatengeneza nyumba ikivuja. Leo asubuhi amekuja, anapiga magoti, anasema, mama, wanataka nitoe yeye, nikikataa watoto wangu wanakosa mahali. Anauliza mimi. Hakuna mtu alikuwa ameuliza mimi kitu tangu hii vita." Alitutazama sisi watoto, mmoja mmoja. "Mtoto wangu alikuwa anapenda watoto. Hawezi kulala juu ya chakula yao. Chimba. Mimi nitaenda na yeye nyumbani."

Baba alichukua jembe pale mama alipoliegemeza. Aliliinua, likabaki juu. Mikono ilimkataa. Wapimaji walikuwa wamesimama na mnyororo umelegea, na baba mdogo alikuwa akiangalia lile jembe kama paka anavyoangalia mfupa. Dakika ile nilidhani tumepoteza kila kitu. Ndipo ajuza akainuka kutoka kwenye kigoda, akaenda akashika mpini chini ya mikono ya baba, akamwambia kitu kwa Kiteso, na jembe likashuka likiwa mikononi mwa wote wawili.

Kikongwe akachimba. Mgomba haukuwepo tena. Kulikuwa na udongo mweusi uliolainika, na ndani yake kikombe cha bati, kimeliwa na kutu kwenye ukingo. Ajuza alikipangusa kwa nguo yake nje na ndani, muda mrefu, jinsi mtu anavyomwosha mtoto uso, kisha akakitia kifuani. Wakasawazisha udongo. Mwenyekiti akasema, "Mnyororo upite," ukapita nje ya mihogo, mahali pa mpaka wetu wa siku zote, na mkonge uliopandwa pale upo hadi leo. Baba mdogo aliokota gunia lake akaondoka. Kofia yake aliisahau, na hakuna mtu aliyemwita.

Mama alimpa ajuza uji. Alimpa kwa mikono miwili, amepiga goti, na aliposimama nilimwona amefumba macho. Halafu akaingia ndani akatoka na pakiti nzima ya sukari, haijafunguliwa, akaifunga mwenyewe kwenye baiskeli.

Baba alimrudisha ajuza Chakol. Tulikaa tukingoja, na jua lilikuwa limeelekea Uganda tuliposikia tena chuma kikigongagonga. Sauti ilikuja mpaka kwenye pengo la manyara, ikasimama. Halafu ikazunguka boma polepole, ikaja ikasimama nje ya lango. Tulimwona pale, ameishika baiskeli, macho yake yako chini kwenye ule mstari wa udongo ambao hakuwa ameukanyaga tangu alipoondoka kwenda vitani akiwa kijana. Hakusogea. Mdogo wangu alitaka kumkimbilia, nikamshika.

Mama alikuwa jikoni. Safari hii alitoka, mikono yake ina unga, akaenda mpaka langoni, akasimama upande wa ndani.

"Umerudi?" akamwuliza.

Baba alifungua mdomo, na nilijua atakachosema, sote tulijua. Kisha akatazama kule kando ya jiko palipokuwa pamesawazishwa, akainua gurudumu la mbele, akapita.

"Nimerudi," alisema.